Mkono Usioondoka

Mwisho wa mwezi duka la vioo lilijaa watu kama msiba wa tajiri. Kila mmoja alikuja na lake: huyu dirisha limepigwa jiwe, yule meza imepasuka, na wengine walikumbatia picha za harusi wakitaka fremu kabla mahaba hayajapoa. Dada mtu alikaa mbele kwenye kaunta akisikiliza shida za wateja. Mdogo wake alisimama nyuma, kwenye meza pana iliyotandikwa zulia kuukuu, akikata. Huyo mdogo ndiye mtaa mzima ulimwita Fundi, na hadithi hii ni yake. Alivaa ovaroli ya bluu iliyobanwa kiunoni kwa mkanda wa kiume, kilemba chekundu, viatu vya kazi vya kamba ambazo hakuwahi kuzifunga vizuri, na hereni ndogo ambazo hakuzivua hata siku ya vumbi. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kikatio chake, na wateja wa zamani walijua kumpa nafasi.

"Kaunta iko kule," alikiambia kivuli kilichosimama karibu na meza, bila kuinua uso. "Hapa ukikatika shauri yako."

"Nimeshakatika tayari," sauti ya kiume ilijibu taratibu.

Fundi aliinua macho. Mbele yake alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama yenyewe, na vidole vya mkono wa kulia vimefungwa plasta kama vya mtoto aliyechezea wembe.

"Hujakatika wewe, umeng'atwa," Fundi alisema. "Kioo huchora mstari. Hicho kidonda kisichofungwa hapo gumbani ni nusu duara."

"Kumbe unasoma majeraha."

"Nasoma ya kwangu, nimeyazoea. Nani kakung'ata? Mkeo?"

"Sina mke. Nina mijusi."

Mteja mmoja nyuma yake aliguna. Fundi aliweka kikatio mezani. "Mjusi gani wa kung'ata mtu mzima? Hawa wa kwenye taa wanakimbia hata kivuli cha nzi."

"Hawa wangu ni binamu zao wakubwa, waliokosa adabu. Nataka uniundie sanduku la kioo, refu kwenda juu, mlango wa kuteleza mbele na wavu juu. Nyuma na ubavuni nitabandika karatasi nyeusi."

"Sasa ununue kioo halafu ukizibe? Si uchukue mbao."

"Mbao zinaoza, na wao wanapenda unyevu. Lakini mjusi mgeni hatakiwi kuona mbali. Akiona mbali hatulii."

"Na asipotulia unamfanya nini?"

"Namngoja."

"Ningekuwa mimi ningekung'ata zaidi."

"Nawapenda wakali," alisema yule bwana, bila kucheka, akimtazama machoni. Foleni yote ikacheka badala yake, na Dada akakohoa kule kaunta. Fundi alirudi kwenye kioo chake na kuchora mstari uliopinda, jambo ambalo wenzake wa mtaa ule walikuwa hawajaliona.

Bwana huyo alikuwa fundi wa meno ya bandia. Alifanya kazi mitaa miwili kutoka pale, katika chumba cha nyuma cha daktari wa meno, akichonga taya za watu asiowajua. Kwa hiyo Fundi akampa jina la Meno, naye akampa Fundi jina la Mkali Wangu, na kabla gundi ya sanduku haijakauka mtaa ulishajua kuna jambo.

*

Fundi alilipeleka sanduku mwenyewe, Jumapili mchana, kwa mkokoteni. Nyumba ya Meno ilikuwa vyumba viwili ghorofani, sakafu inang'aa, hewa inanukia udongo mbichi na dawa ya meno. Jambo la kwanza aliloliona lilikuwa mlangoni: jozi ya viatu vya kike, vya ngozi ya kahawia, bizimu zake zimesuguliwa. Havikuwa na chembe ya vumbi.

"Vya nani?"

"Vya mchumba niliyekuwa naye. Aliondoka."

"Aliondoka bila viatu?"

"Alikuwa na haraka," Meno alisema, kama mtu anayeeleza kwamba jana ilinyesha. Akapokea upande mmoja wa sanduku. "Inua kwako kidogo. Hapo."

Fundi alisikia wivu. Hofu ingekuja baadaye, na ilipokuja ilikuta wivu umeshakaa kwenye kiti chake.

Mijusi walikuwa wanne, kila mmoja na sanduku lake. Walikuwa wa kijivu wenye madoa ya rangi ya chungwa, urefu wa kiganja na zaidi, macho makubwa yasiyofumba. Walitembea juu ya kioo kama watu wanavyotembea barazani. Fundi, aliyekuwa amekata kioo tangu usichana na hajawahi kuona kitu kikikishika bila gundi wala msumari, alisogeza uso karibu akatazama zile nyayo kutoka upande wa pili mpaka pumzi yake ikafanya ukungu.

"Huyu ni Mwenyekiti, anapenda kukaa juu," Meno alisema. "Yule Shemeji, anapenda kula. Bibi Harusi anajificha. Na huyu ni Kisirani."

Kisirani alikuwa na mkia mfupi mnene kama kidole gumba. Alipowaona alifungua kinywa, akabweka.

"Mkia wake una nini?"

"Nilimshika vibaya. Mjusi akishikwa mkia anaukata mwenyewe, anauacha ukichezacheza sakafuni, yeye anakwenda zake. Unaota mwingine, ila hauwi kama ule." Akapangusa kioo kwa kidole. "Ilikuwa siku ileile ya viatu. Siku hiyo nilishika kila kitu kwa haraka. Sijawahi kuwa na haraka tena."

Fundi alimwonea huruma. Mwanamume anayekiri kosa lake ni nadra, na yeye alikuwa amezoea wanaume wa kukiri makosa ya wenzao.

"Nifundishe," alisema.

Meno alimfundisha. Usimjie kwa juu, kwa sababu juu hutoka ndege. Usimwekee kioo cha kujitazamia, kwa sababu akijiona atadhani ni mwingine, atamfokea na kujigonga mpaka aumie. Ingiza mkono chini, kiganja wazi, halafu usifanye lolote.

"Mpaka lini?"

"Mpaka achoke kukuogopa."

Fundi aliingiza mkono. Kisirani alimtazama, akamtazama tena, kisha akamrukia na kuuma nyama ya chini ya gumba. Alikaza taya akatulia hapohapo, akining'inia. Fundi alitoa tusi ambalo mama yake, Mungu amrehemu, alidhani hakulijua.

"Usivute," Meno alisema sikioni mwake, mkono wake mwingine ukikaa begani kwa Fundi, mwepesi. "Ukivuta utachanika na yeye utamng'oa meno. Na kubwa zaidi, utakuwa umemfundisha kwamba akiuma, mkono unaondoka. Akishalijua hilo humpati tena. Acha hapo. Pumua."

"Anauma, Meno."

"Najua. Acha amalize."

Wakangoja. Kisirani alimaliza. Alifungua taya, akashuka polepole kwenye kiganja, akakaa pale akitweta. Nyayo zake zilikuwa kavu na laini. Fundi aligundua kwamba machozi yanamtoka na kwamba anacheka, na kwamba yule mkono wa begani haujaondoka tangu mwanzo. Kusema kweli hakutaka uondoke.

*

Mapenzi yao yalikuwa ya simu na vicheko. Hata kioo kikiwa nusu mezani, simu iliita.

"Umekula?"

"Meno, umeniuliza sasa hivi tu."

"Na ulisema bado."

"Bado ni bado. Kazi haitaki kusikia njaa yangu."

"Basi geuka."

Fundi aligeuka na kumkuta mlangoni, shati jeupe, kopo la chakula mkononi, simu bado sikioni. Dada alizungusha macho kaunta. Meno alimega tonge la kwanza akampelekea Fundi mdomoni, mbele za watu, na Fundi huyu aliyewahi kumfukuza mteja kwa sababu ya kumwita "mrembo" akafungua kinywa.

Kosa lilitokea Jumapili nyingine, alasiri. Lori la vioo lilikuwa lifike Jumatatu, likafika siku moja kabla, na Dada alikuwa peke yake dukani. Akapiga simu ya Fundi. Meno akaipokea.

"Amelala, Dada," alisema kwa upole. "Akiamka nitamwambia."

Fundi hakuwa amelala. Alikuwa chumba cha pili na Kisirani amejilaza kiganjani mwake, ametulia kwa mara ya kwanza bila kuuma. Kule dukani Dada na dereva walibeba vioo wawili badala ya watatu. Cha nne kikateleza. Dada alishonwa mkono kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo.

"Ulimwambia nimelala," Fundi alisema alipojua, akiwa amesimama katikati ya duka na watu wakisikiliza.

"Ulikuwa na Kisirani mkononi. Ndiyo kwanza ametulia. Ningekushtua angekuuma, na kazi yote ingerudi mwanzo. Sikujua ni lori, kipenzi. Hakusema ni lori."

Ni kweli Dada hakusema. Lakini Fundi alikuwa ameuona uzi mweusi kwenye ngozi ya dada yake, na ulimi wake ukafunguka wote. Alimwita Meno mfuga wadudu, mchonga mifupa, mtu ambaye wanawake humkimbia hata bila viatu. Akamwambia asikanyage tena pale. Meno alisikiliza mpaka mwisho. Hakukunja uso. Alivuka barabara, akasimama chini ya turubai la fundi viatu, akageuka kuwatazama.

Kesho yake baada ya kazi alikuwa pale tena. Na kesho kutwa. Shati jeupe, mikono mitupu, hasemi neno. Mtaa, ambao ulikuwa haumjali, ukaanza kumhurumia. "Fundi, msamehe mwenzio," wakasema. "Wengine tunalilia hata wa kutupigia simu." Mvua kubwa iliponyesha naye akabaki palepale, kola imelala kwa mara ya kwanza, Fundi alichukua mwavuli akavuka.

"Nenda nyumbani. Utaugua."

"Umemaliza?" Meno aliuliza.

"Kumaliza nini?"

"Kukasirika."

Fundi akacheka, akalia, akamfunika kwa mwavuli, na fundi viatu akapiga makofi kwa nyundo yake. Basi wakarudiana, na kila aliyeona alisema hayo ndiyo mapenzi. Ni Dada peke yake aliyebaki kaunta, mkono wake umening'inia kwenye kitambaa shingoni.

"Mdogo wangu," alimwambia jioni ile wakifunga duka, "mwanamume anayefoka najua pa kumkimbia. Huyu asiyekasirika, sijui mlango wake uko wapi."

"Una wivu, Dada," Fundi alijibu. Meno alikuwa amemwambia hivyo chini ya mwavuli, kwa upole, kama mtu anayetoa mwiba.

*

Wiki kadhaa zikapita, na Fundi akawa mpole. Wateja walilisema kwa furaha. Aliacha kutukana madereva. Aliacha kula na Dada, kwa sababu chakula kililetwa. Shoga yake wa saluni akawa hapiti tena, maana kila akipita alimkuta Meno ameketi kwenye kigoda, akitabasamu, akingoja amalize maneno. Meno akampa Kisirani awe wake, katika sanduku lilelile aliloliunda, na likawekwa nyuma ya duka karibu na meza ya kukatia, karatasi nyeusi pande tatu.

Kisha akaja na habari ya nyumba. Alikuwa ameipata mtaa wa mbali, tulivu, ya kwao wawili. Alileta vipimo vya madirisha, vimeandikwa kwa hati nzuri.

"Nataka vioo vya ukungu," alisema. "Vyote. Na nataka uvikate wewe, viwe na mkono wako."

"Hata jikoni?" Dada aliuliza kutoka kaunta.

"Hata jikoni. Watu wana macho, Dada."

Fundi alianza kazi siku iliyofuata. Kioo cha ukungu kinapitisha mwanga lakini hakionyeshi kitu. Mtu wa nje huonekana kama doa, na nje yenyewe huonekana kama doa kwa aliye ndani. Alikata cha chumbani. Alikata cha sebuleni. Kwenye cha jikoni alichovya kikatio kwenye mafuta ya taa, akavuta mstari safi kutoka kwake kwenda mbele, na alipoinua uso ili akigonge na kukivunja, macho yake yakaangukia sanduku la Kisirani.

Kisirani alikuwa ametulia chini, anatazama karatasi nyeusi.

Akiona mbali hatulii. Fundi alilisikia kwa sauti ya Meno, kama vile amesimama nyuma yake. Tonge la kwanza mdomoni, mbele za watu. Mkono begani, mwepesi. Umemaliza? Akayahesabu moja baada ya jingine kama mtu anayekagua mfuko wake sokoni baada ya kusukumwa. Wa saluni haji tena. Dada naye haongei naye ila ya kazi. Na yeye mwenyewe alikuwa amesimama hapa, na kikatio chake mwenyewe, akiziba dirisha la jikoni.

Aliacha kioo kimechorwa bila kukivunja. Wanaokata vioo wanajua hilo halifanywi. Kioo kikishachorwa hakingoji.

*

Meno alipokuja jioni alimkuta ameketi juu ya meza, miguu inaning'inia, kamba za viatu zinafika chini. Dada alikuwa ameenda kubadilishwa bandeji.

"Nikuulize kitu," Fundi alisema. "Mimi umenianza lini?"

"Kukuanza vipi?"

"Kama ulivyomwanza Kisirani, kumzoeza."

Alitegemea akane. Mwanamume mwingine angekana, angeapa, angemtaja mama yake. Meno alivuta kigoda akakaa, na usoni alionekana karibu kufurahi, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefikia jibu.

"Siku ya kwanza," alisema. "Ulikuwa unauma kila mtu, Mkali Wangu. Hata dada yako alikuwa anakuzunguka kwa mbali. Mimi sikuondoa mkono. Sasa nionyeshe nilipokudhuru. Nionyeshe kovu moja tu."

Fundi alitafuta. Alitafuta kweli, na hakuliona, na hapo ndipo hofu ilipokaa kwenye kile kiti cha wivu.

"Na yule wa viatu?"

"Yule nilimharakisha. Nilikuwa sijajua kungoja." Alitia mkono mfukoni akatoa pete. Ilikuwa ya dhahabu, laini, nzuri kupita kiasi. "Nimeiyeyusha mwenyewe, kwenye tanuri la meno. Olewa na mimi."

Akamshika mkono akaivisha. Iliingia bila kusukuma, ikakaa.

"Ulipimaje kidole changu?"

"Ulikuwa umelala."

Fundi alimpenda. Hilo tuliseme waziwazi, maana kuna watakaouliza kwa nini hakuruka dirishani saa ileile. Alizipenda zile plasta, lile shati, ile sauti isiyopanda. Alimpenda mtu wa kwanza ambaye hakuogopa ulimi wake. Kwa hiyo aliivua pete, akaiweka kwenye zulia, akatafuta jinsi ya kumpata yeye bila kupata sanduku.

"Sikiliza, Meno. Nenda. Mpaka Jumamosi mchana usije, usipige, usitume mtu. Jumamosi nitakupigia mimi. Nimekwambia uondoe mkono. Nataka nikuone ukiuondoa mara moja tu. Ukiweza, naivaa, na hivyo vioo nitavipachika mwenyewe."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

"Ni rahisi," Meno alisema. Akambusu kwenye kilemba, akatoka, na hakugeuka nyuma.

*

Chini ya turubai la fundi viatu hapakuwa na mtu. Fundi alitazama siku ya kwanza, akatazama ya pili, mpaka fundi viatu akampungia mkono akidhani anaitwa. Simu haikuita. Chakula hakikuja, akala na Dada, kimyakimya, kisha na maneno mawili matatu, na kufikia Ijumaa walikuwa wanacheka juu ya dereva wa lori ambaye alizimia alipoona damu ya mwenzake.

"Umemkosa?" Dada aliuliza.

"Nimemkosa mpaka mifupa."

"Na hajaja."

"Hajaja hata mara moja."

Dada alifikiri, akikuna kovu lake jipya. "Basi huenda mimi ndiye mwenye roho mbaya. Mpigie kesho umwambie ndiyo. Nitakushonea gauni kwa mkono huu mmoja."

Jumamosi Fundi alivaa kilemba kipya cha rangi ya samli na kupaka wanja. Saluni ilikuwa imeagiza kioo kikubwa cha kujitazamia, kirefu kuliko yeye, na kilikuwa kimesimama kwenye fremu yake ya magurudumu, uso ukielekea mtaani kwa mshazari. Dada alikuwa ameenda kuwaita wabebaji. Fundi alikifuta kwa gazeti kutoka juu kwenda chini, akaona kilemba chake, akaona wanja wake, akachukua pete kwenye zulia akaivaa, akainua mkono ajione alivyopendeza. Nyuma ya mkono wake, kiooni, kulikuwa na mtaa wote: turubai la fundi viatu, duka la nguo, na juu ya duka la nguo dirisha la ngazi ambalo siku zote hufungwa.

Lilikuwa wazi. Ndani yake kulikuwa na shati jeupe.

Fundi hakugeuka. Aliendelea kufuta mahali pamoja. Kizingitini pa lile dirisha palikuwa na chupa ya chai, kikombe, na makopo ya chakula yamepangwa, moja juu ya jingine, kama ya mtu aliyekaa siku nyingi na asiyependa uchafu. Meno alikuwa amesimama wima, mikono mitupu. Alikuwa anangoja.

Alichukua simu. Iliita mara moja tu, na kiooni akaona mkono ukienda sikioni.

"Kipenzi," Meno alisema.

"Uko wapi?"

"Kazini. Nina taya la mzee mmoja hapa, linakataa kukaa."

"Siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Kazini na nyumbani. Si uliniambia niondoe mkono? Nimeondoa."

"Ilikuwa ngumu?"

"Ngumu sana, Mkali Wangu. Nimekukosa." Na kule kiooni uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli. Hakuna aliyekuwa akimwona, hakuwa na sababu ya kuigiza. Alimpenda, na Fundi aliliona hilo kwa macho yake.

"Nilikuwa nakupigia nikujibu," alisema.

"Najua. Inakupendeza hiyo pete."

Fundi hakuwa amemwambia kwamba ameivaa.

Akashika fremu kwa mikono yote miwili, simu ameibana begani, akaisukuma. Magurudumu yaliguna. Kioo kikubwa kikazunguka taratibu, kikapita ukuta, kikapita mlango, uso wake ukalitazama moja kwa moja lile dirisha na mgongo wake wa mbao ukabaki kwa Fundi. Sasa hakuweza kumwona. Alisikia pumzi tu.

"Unaona nini?" aliuliza.

"Fundi. Usifanye hivyo."

"Niambie unachokiona."

Mtaani mtu alipiga honi.

"Mtu yuko dirishani," Meno alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda.

"Anafanya nini?"

"Anangoja."

"Mwambie aondoke."

Fundi alisikia kitu kikigonga kitu, kikombe pengine, kisha pumzi za haraka, kisha simu ikakatika. Alibaki nyuma ya ubao mpaka Dada alipoingia na wabebaji, ndipo akachungulia. Dirisha lilikuwa tupu. Makopo na chupa ya chai vilikuwa bado kizingitini.

Dada alimtazama mdogo wake, akalitazama lile dirisha. Alimimina mafuta ya taa kidogo kwenye kidole cha Fundi, maana pete iliyoingia bila kusukuma sasa ilikataa kutoka, na wakaivuta pamoja mpaka ikaachia na kuacha mchubuko. Wakaifunga kwenye karatasi apewe daktari wa meno, mwajiri wa Meno, amrudishie. Kisha Fundi akakigonga kile kioo cha jikoni kilichobaki kimechorwa tangu siku ile. Kilivunjika vibaya, nje ya mstari, na akakitupa.

Alipomaliza alienda kwenye sanduku na kubandua karatasi nyeusi, pande zote tatu. Kisirani alirudi nyuma, akauona ukuta, meza, mlango na mtaa. Fundi alifungua na kuingiza mkono chini, kiganja wazi. Kisirani akafungua kinywa.

"Sawa," Fundi alisema, akautoa mkono. "Umekataa."

Alilia kidogo pale, kwa sababu alikuwa amempenda. Juu ya zulia simu ilianza kuita. Ndugu wawili waliitazama mpaka ikanyamaza. Ikaanza tena. Fundi alipangusa uso, akainama, akazikaza kamba za viatu vyake kwa fundo mbilimbili, akarudi mezani kukata.